Magurudumu ya Kaka Yako

Nyumbani,
chumba cha kushonea,
Alhamisi, mvua imekatika.

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu sote, na kabla sijasema lolote nijibu kwanza: hujambo huko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakibembeleza kama mgeni? Unakula? Nauliza kwa sababu mara ya mwisho kwenye simu ulikuwa na sauti ya mtu anayelala njaa halafu anasingizia kazi. Sisi huku tupo. Mama hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua akipanda ngazi. Ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Binti yetu anasoma. Mimi bado nashona vitambaa vya makochi, na hivi sasa nimekalia sponji la mteja huku karatasi ikiwa pajani, kwa hiyo ukiona mwandiko unayumba usinicheke.

Kaka yako hajambo kidogo. Barua yenyewe ni ya habari zake, na nimeona niandike kwa sababu kwenye simu nitalia na wewe utabaki unasema haloo haloo.

Uliuliza kama tumeshaamua juu ya magurudumu. Tumeamua. Hatuyanunui, na yale uliyotuwekea dukani kwenu kwa bei ya wafanyakazi usiyatume. Najua unavyosoma, utaruka mistari kutafuta sababu. Nakuomba leo usiruke.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Kaka yako alianza kuachwa na wenzake wa baiskeli za Jumapili pale kwenye kilima cha tangi la maji, kilima ambacho zamani alikuwa akikipanda huku anawatania. Akasema ni kiti cha baiskeli, kimekaa chini mno. Akakiinua, akakishusha, mwishowe akanunua kingine. Kisha akasema ni mnyororo. Mnyororo ukabadilishwa. Wewe ukamshauri tairi nyepesi, maana ndiyo njia ya mtu mwenye pesa kidogo, aanze na tairi kabla ya kufikiria magurudumu. Akazifunga, na Jumapili ile akarudi anacheka, na mimi nikakuombea dua huko uliko. Jumapili iliyofuata hakucheka. Akafungua gololi zote mezani kwangu, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi mpya, na kochi la mwalimu mmoja likapata doa ambalo kwa ajili yake mimi na mwalimu huyo mpaka leo hatujasameheana.

Basi yakabaki magurudumu yenyewe, haya yaliyokuja na baiskeli kutoka dukani. Wewe ukamweleza kwamba uzito ulio kwenye ringi miguu huusikia kuliko uzito mwingine wowote, na kwamba watengenezaji wakitaka kupunguza gharama hubana hapohapo. Maneno hayo aliyashika kama mtoto aliyefundishwa sala. Mezani ni magurudumu. Kitandani ni magurudumu. Nilikuwa namkuta amepiga magoti anabofya spoki mojamoja, anasikiliza.

Na ujue, shemeji, hakuwa mjinga. Yule rafiki yake kinyozi, wanayeendesha naye, aliyabeba mkononi akasema ni mazito kama sufuria. Kila alichosema kaka yako juu ya magurudumu kilikuwa kweli, na hapo ndipo tulipopotelea.

Tena nyinyi ndivyo mlivyolelewa. Marehemu baba yenu aliwafundisha kwamba kazi ikikushinda, kagua chombo kwanza. Nimeolewa katika nyumba ambamo mtu akijikata kidole kisu ndicho kinachoitiwa kikao. Huwa inanivunja mbavu. Safari hii haikunichekesha, kwa sababu kaka yako alianza kuhema hata asipokuwa juu ya baiskeli. Ghorofani alikokuwa anafunga mabomba, alisema ngazi za siku hizi zimejengwa vibaya. Jioni soksi zilimwachia mfereji kwenye vifundo vya miguu, akasema ni viatu vya kazi. Akawa hawezi kulala chali. Nikamkatia kipande cha sponji la kuegemea, mshazari mzuri, na kila baada ya muda aliniomba niongeze kingine juu yake. Mimi ni fundi wa sponji, shemeji. Najua mtu mzima anahitaji unene gani ili alale. Nilipofika mahali nikawa namkatia kiti badala ya mto, niliogopa sana.

Nilimkokota hadi zahanati. Daktari pale alikuwa kijana mcheshi, akamwekea kile chombo kifuani huku anazungumza habari za mpira, kisha akakirudisha palepale, na hakurudi tena kwenye mpira. Alisema tuende hospitali kubwa apigwe picha ya moyo, na tusikawie. Kaka yako akaitikia kwa adabu zote. Tulipotoka nje akanishika bega akaniambia, "Mke wangu, akiba yetu inatosha jambo moja. Tununue magurudumu kwanza. Nikishindwa na kile kilima nikiwa na magurudumu mazuri, nitakwenda hospitali mwenyewe, hutanisukuma."

Nilipiga kelele barabarani. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Akakaza shingo. Na jioni ile ile ukapiga simu wewe, ukamweleza tofauti ya magurudumu ya alumini na ya kaboni, na kwamba kwa mfuko wetu alumini yanatosha kabisa, na nikamsikia anacheka kwenye simu kama mzima. Sitakuficha, shemeji. Nilikuchukia jioni ile. Hukujua, na mimi ndiye niliyekubali tusikwambie kwa sababu alinibana mpaka nikaahidi. Lakini kila ulipomtajia uzito wa ringi, ulikuwa unamwongezea sababu ya kutokwenda hospitali, na mimi nilikuwa nasimama jikoni nikitamani kuinyakua ile simu.

Nikawaza, nitafanyaje? Nikimnunulia, pesa ya hospitali imekwenda. Nisipomnunulia, ataendelea kuyalaumu haya mpaka aanguke. Ndipo nikaenda kwa kinyozi. Nilimkuta peke yake anafagia nywele. Nikamwomba jambo moja tu: magurudumu yake ni kama yale uliyokuwa unamsifia kaka yako, na baiskeli zao ni za aina moja, basi wabadilishane kwa Jumapili moja. Apande kile kilima nayo bila sisi kununua chochote. Hata spana haihitajiki, sivyo?

Kinyozi alisimamisha ufagio ukutani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia habari ambayo sikuitarajia. Wenzake wote walikuwa wameshaona. Tangu msimu uliopita walikuwa wanamsubiri kwa hila. Mmoja atasema ana haja ndogo, mwingine atasema tairi lake linapungua upepo, wote wanasimama hadi afike, kisha wanamwacha atangulie. Hata zile Jumapili alizorudi nyumbani akisema leo nimejitahidi, walikuwa wamempakata njia nzima. Walifanya kwa mapenzi. Sisi nyumbani tulinyamaza, nao njiani walisimama, na katikati yetu yeye akabaki na magurudumu yake.

Nikamwambia kinyozi Jumapili hii wasisimame. Alitokwa na machozi, akakubali.

Jumapili nilipanda kwa miguu mapema, nikasimama kando ya uzio wa tangi la maji nikijifanya nanunua mahindi. Niliwaona chini wamesimama, wakageuza baiskeli, wakabadilishana magurudumu. Kaka yako aliyapima mkononi, akacheka, nikamwona kabisa anacheka. Wakaanza. Mwanzo alikuwa mbele, shemeji. Alikuwa mbele na mgongo wake umelala kama zamani, na mimi, mjinga wa wajinga, nikaanza kufurahi. Nikasema moyoni labda ni kweli, labda ni magurudumu, nitauza cherehani ya pili.

Kabla hajafika kwenye kona wakaanza kumpita. Wa kwanza, wa pili. Kinyozi naye akampita akiwa juu ya yale masufuria yetu, kichwa ameinamisha, hakumtazama. Hakuna aliyesimama kukojoa. Kaka yako alipiga pedali kidogo, akaweka mguu chini, akashika ukingo wa barabara, kisha akakaa.

Nilishuka mbio, kanga mkononi. Nilidhani atanikasirikia kwa kumfuata. Wala hakushangaa. Alikuwa ameinua baiskeli upande wa mbele na kulizungusha gurudumu kwa kidole, na lilikuwa linazunguka, linazunguka, halina hata mkwaruzo. Tukalitazama wote wawili mpaka likasimama lenyewe. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Akasema, "Kumbe ni mimi."

Nilikaa pembeni yake nikalia kwa sauti, magari yanapita.

Kesho yake alivaa shati la kwenda harusini, akatangulia mlangoni, kama alivyoahidi. Walimpiga picha ya moyo. Umetanuka, shemeji, na umechoka. Daktari wa pale, mama mtu mzima, alituuliza kwa nini tumechelewa namna hii. Kaka yako akamjibu kwamba tulikuwa tunarekebisha baiskeli. Yule mama alidhani ni utani, akatabasamu, kisha akatutazama usoni akaacha.

Amepewa dawa na maji yamepungua mwilini, vifundo vimerudi kama vya mtu. Anapumua vizuri zaidi, sponji moja nimeliondoa. Lakini kilima hatapanda tena, wala hatabeba bomba begani. Vifaa vyake vya kazi kavipanga vizuri kwenye sanduku, kampa fundi mwenzake, na hakutaka nimsaidie kulifunga. Nilimvuta daktari kando nikamuuliza tunategemea nini. Alisema ataishi kwa dawa na kwa utulivu, ila kwa hali aliyoikuta, tusiwe watu wa kupanga mambo ya miaka mingi mbele. Hilo kaka yako hajaambiwa kwa maneno, lakini hajaniuliza pia, na unajua yeye huuliza kila kitu.

Mama tumemwambia. Hakulia. Alikunja nguo iliyokuwa mapajani mwake, akaikunjua, akauliza kama wewe unajua. Tukasema bado. Akasema mwandikieni leo, na ndiyo maana kochi la watu limelala.

Kinyozi anakusalimu. Huja kila jioni akifunga duka, anamnyoa ndevu bure hata kama hazijaota. Binti yetu anakusalimu, anasema umwambie huko kwenu theluji ina harufu gani. Mama anakusalimu na kukuombea, na anasema uvae nguo nzito. Mungu akulinde njiani na kazini, na akupe moyo wa kuisoma barua hii ukiwa umekaa na mtu.

Sasa ombi langu. Yale magurudumu yauze, ukate tiketi. Sikulaumu tena, hasira ile imeisha njiani, mahali fulani kati ya kilima na hospitali. Njoo umwone wakati bado anakaa mwenyewe na kubishana. Ila uje mikono mitupu. Usibebe hata gololi. Anakuamini wewe katika mambo ya baiskeli kuliko mtu yeyote, na akikuona mlangoni umebeba gurudumu ataanza upya kutumaini. Kumwona akiacha kutumaini nimeweza mara moja, pale barabarani. Mara ya pili sitaweza.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda na kukungoja,

Mke wa kaka yako.