Gunia Moja la Karafuu

Jumapili, Septemba

Mkutano wangu wa usafi wa mtaa umeharibika, na sijawahi kufurahi hivi tangu niwe diwani.

Nahutubia, wa chama kimoja wamekaa kulia, wa chama cha pili kushoto, mara mvua! Sote tukakimbilia karafuu zilizoanikwa barabarani. Kwa pupa nikazoa za Bi Mize na za jirani yake, Mzee Kombo, nikatia gunia moja. Hawa hawajasalimiana tangu uchaguzi.

"Mheshimiwa, umefanya nini?" Bi Mize alinifokea.

Niliogopa kweli. Lakini jioni nimewakuta jamvi moja, wanazigawa kwa pishi.

"Mzee Kombo, pishi yako imefurika!"

"Yako je, Bi Mize?"

Nikapita kimya, nisije nikataka kuwapatanisha nikaharibu.