Ua la Kabula

Samuye, Jumatano. Mawingu yamekaa tangu asubuhi bila kunyesha. Moyo wangu nao umekaa hivyohivyo.

Kabula ametoka kuniletea ua sasa hivi. Kaja mbio na vijiguu vyake, kanichomeka nywelani, kisha karudi nyuma anitazame vizuri. "Mayu mzuri," kasema, ndivyo aniitavyo mama. Nikacheka. Nilipolitoa nilione, cheko likanikauka.

Dogo, la zambarau.

Kiduha.

Gugu hili haligombanii jua na mtama kama magugu mengine. Linauma chini kwa chini, linanyonya mizizi, na ukishaona ua ujue limekula zamani. Nikamuuliza kalichuma wapi. Kanyoosha kidole kule shambani, kwenye kichuguu.

Mtama ule nimeulea kama nilivyomlea yeye. Ulipochomoza nilikuwa naamka kuutazama kabla sijawasha moto. Ulipofika magotini tukaupalilia, mimi na mama mkwe. Sasa una mimba, suke bado limejifungia ndani ya jani. Na pale kichuguuni ndipo mama mkwe alipochagua mashina yaliyonona, akayafunga magome kuwa alama. Hayo ni mbegu ya mwakani, hayaguswi hata njaa ikiingia.

Juzijuzi yalianza kujikunja mchana. Tukasema kiu. Mama mkwe akanituma niyanyweshe shina kwa shina, nami nikateka maji kisimani kwa kibuyu, Kabula mgongoni, nikiyabembeleza kwa wimbo.

Kumbe nilikuwa namnywesha mwizi.

Baba Kabula yuko Geita, kwenye mgodi wa Wazungu. Ametuma salamu kwa mtu aliyepita: mtama ukiiva atarudi, na akirudi harudi tena kule. Nimeyashika maneno hayo kama nilivyoishika sala niliyofundishwa shuleni. Ila mama mkwe keshasema, tena kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha: "Tukikosa mbegu, mwanangu atashuka tena shimoni." Shimo lile lilishammeza mdogo wake Baba Kabula.

Lakini kiduha kiking'olewa kingali na ua, hakijamwaga mbegu zake, shamba hupona. Hilo nalijua. Na Kabula kaleta moja tu. Mtoto huyu akiona maua matano huleta matano, simjui leo.

Labda ni hilo hilo moja.

Mama mkwe ananiita kutoka kichuguuni. Sauti yake haina haraka. Anasema, "Mama Kabula, njoo. Na uje na kikapu kile kikubwa."

Kikapu cha nini, kama ua lenyewe ni moja tu?