Paswadi ya Bungoma

Jumanne usiku, Kitale

Si nilicheka mapema, bana. Sasa hata usingizi hauji.

Kazi ilikuwa kushikanisha swichi yetu ya mtandao ya hapa na ile ya Bungoma. Hii iambie ile video ya masomo inatokea wapi, ndio madarasa ya huko yaivute. Lakini lazima zote mbili ziwe na paswadi moja. Asubuhi nikapigia Wekesa simu, fundi mwenzangu wa Bungoma, nikamwambia paswadi aandike kalamu.

Swichi zikakataana mpaka jioni. Wanafunzi wa Bungoma wameketi tu wakiangalia skrini nyeusi. Bosi akasema mwenye makosa ataenda nyumbani.

Mwishowe nikamwambia Wekesa, "Hebu nisomee herufi moja moja."

"K, a, r..."

"Wewe! Hiyo ni karamu! Unataka kula ama kuandika?"

"Si ndio ulisema hivyo, ndugu yangu?"

Nilicheka mpaka bosi akatoka ofisini kuuliza ni nini, na mimi na mdomo wangu nikamwambia. Tukabadilisha tukaweka Myanga, soko la kwao, haina l wala r. Video ikapita hapo hapo. Lakini kesho bosi anamfuta Wekesa kazi, na bibi yake amejifungua juzi tu.

Sasa hivi nimejaribu kusema hiyo neno hapa kitandani, vile nilisema kwa simu. Mke wangu akageuka.

"Karamu ya nani?"

Kesho naanza na ofisi ya bosi. Kumbe wa kwenda nyumbani ni mimi.