Jaribio la Pili

Kaka yangu,

Mama hajambo, anakohoa kidogo tu. Paka amezalia ndani ya kabati lako.

Ile kazi ya kuandika programu uliyoniombea kwa bosi wako sijaipata. Alinipa jaribio: nitengeneze programu ya kuita wagonjwa kwa foleni. Nilihangaika wiki tatu, kisha akasema, “Mdogo wangu, bado hujaiva.” Nikaona haya, nikamwachia programu, nikaondoka.

Jana nilimpeleka mama zahanati. Programu kwenye skrini ilikuwa yangu, pamoja na lile kosa nililoshindwa kulirekebisha: kila mgonjwa wa kumi huitwa mara mbili.

“Imenunuliwa juzi,” karani akaniambia. “Ina kiherehere, binti, utadhani mama mkwe!”

Nilicheka naye. Unanijua nilivyo mwoga.

Leo bosi wako amenipigia: niende Jumatatu, kuna jaribio la pili. Mama ameshanipigia pasi shati na majirani wameshaambiwa.

Sipendi kukushuku, kaka, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Niambie kabla ya Jumatatu: nawe walikuanzia hivi, au ni wewe unayewatafutia watu wa kuwafanyia kazi bure?

Bado ni mdogo wako,
Kitindamimba