Kengele ya Nyumba ya Kajiado

Baba,

Kengele ya usalama ni kifaa kinachopeleka habari ya hatari kwa mtu anayeweza kufika. Naanza na fasili hii kwa sababu kengele ya kwanza niliinunua kabla ya kuitafakari, nawe hukupenda mtu aeleze jambo kabla ya kusema ni jambo gani.

Mama ameamua kuhamia Kajiado, kwenye nyumba uliyomaliza kuiezeka, ukaugua kabla ya kulala humo hata siku moja. Ameshafunga vyombo. Ndugu zangu walipinga: mjane, peke yake, mahali pasipo na nguzo ya umeme wala lami, na paneli za sola juu ya paa zikimetameta mbele ya kila mwenye tamaa. Walikubali kwa sharti kwamba mimi nithibitishe kuwa nyumba inaweza kulindwa. Kama ningeshindwa, Mama angebaki Jericho, mtaani kwetu Nairobi, katika vyumba ambavyo tangu tukuzike hawezi kuviingia bila kugeuza uso.

Kengele ile ya kwanza ilikuwa king'ora kikubwa cha betri. Nilikijaribu uani hapa Jericho, mchana. Ungecheka, Baba. Kabla sijakizima, milango yote ilikuwa wazi. Mama Zuhura, jirani yetu wa ukuta mmoja, alitoka na mwiko wenye ugali. Fundi viatu wa pale kona alikuja na nyundo.

"Ako wapi? Ako wapi huyo mwizi?" Mama Zuhura aliuliza. Nilipomweleza kwamba lilikuwa jaribio tu, alinitazama kwa huruma. "Sasa Mwalimu, umenitoa jikoni nije nisikilize redio?"

"Siku nyingine utuambie mapema, Mwalimu," fundi akaongeza. "Tukuje na viti."

Niliridhika. Hilo ndilo kosa la mtu aliyelelewa Eastlands. Nilizaliwa Makongeni, nikakulia Jericho. Maisha yangu yote, ukuta wangu umekuwa ukuta wa mtu mwingine pia. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema, "Hapa ukipiga nduru moja tu, Jericho yote iko nje." Ulisema kweli. Lakini kilichotulinda hakikuwa nduru, bali ile milango.

Nilikifunga king'ora Kajiado, nikakiwasha. Kililia mpaka masikio yakaniuma. Mbuzi waliokuwa wakila nje ya ua waliinua vichwa, wakaendelea kula. Mama Naserian, jirani wa karibu kuliko wote, anakaa ng'ambo ya korongo. Nilipomwendea, alisema alisikia kitu kama ndege wa porini. Mama, aliyekuwa amekuja nami siku hiyo na kuketi barazani, aliniuliza neno moja: "Umemaliza?"

Basi nikarudi kwenye fasili, ambako nilipaswa kuanzia. Habari lazima isafiri: nilichagua kifaa chenye laini ya simu, nikaipandisha antena juu ya tangi la maji, mahali pekee ambapo mtandao unashika vizuri. Lazima kijitegemee: kina betri yake, mbali na ile ya taa, ili mtu akikata nyaya za paa kisizimike nazo, na siku za mawingu zisikidhoofishe. Lazima pia kiaminike. Vihisi nimevifunga kwenye mlango, madirisha na fremu za paneli, si uani, kwa maana kihisi cha uani kingetangaza kila mbuzi, na baada ya juma moja hakuna ambaye angejali. Simu ya kwanza inakwenda kwa Mama Naserian na wanawe wakubwa, wanaoweza kufika kwa miguu. Mimi ni wa pili, kwa kuwa nikiwa Nairobi naweza tu kuhangaika.

Nilimwomba Mama Naserian ridhaa yake mbele ya Mama, tukinywa chai. "Mama yako akituita, tunakuja," alisema. "Lakini hiyo mashine isituite bure." Nilimhakikishia, na nina hakika.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni suala la ukimya. Kengele isiyolia ina maana mbili: ama hakuna hatari, ama imekufa. Kwa hiyo nimeipanga itume ujumbe kila asubuhi kwamba ingali kazini. Ujumbe usipofika, tunakwenda kutazama. Ndugu zangu waliisikiliza hoja hii hadi mwisho, wakasema sharti limetimia. Mama anahama Jumamosi.

Nilimwomba naye awe akinitumia ujumbe kila asubuhi. Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu... Alicheka, Baba.

"Mimi si betri," alisema. "Naenda huko ninyamaze kidogo. Mniache ninyamaze."

Pumzika sasa. Nyumba yako itakaliwa. Nakuahidi nitakuwa nikienda kuzipangusa paneli vumbi na kuikagua betri, na kwamba sitamrudisha Mama mjini kwa sababu ya hofu yangu mwenyewe. Sehemu moja tu ya hesabu hii imenishinda, na wewe ndiye ningekuuliza. Mtu anayenyamaza kwa kuwa amepata amani, na mtu anayenyamaza kwa kuwa ameanguka: aliye mbali atawatofautisha vipi, bila kumpokonya yule wa kwanza amani yake?

Mwanao