Plagi Nyeusi za Baba Mkwe

Mwenzio leo nimeumbuka.

Baba mkwe aliniita nimwangalizie gari. Si unajua anavyonisifu kwa watu, eti mke wa mwanawe ni fundi.

Nikafungua plagi, nikaziona nyeusi tii. Nikamwambia mbele ya watu wote waliokuwepo, "Baba, injini inakula oili. Imekwisha, uza tu."

Imekwisha. Nilitamka hivyo.

Mzee akaingia ndani kumwambia mama. Nikamsikia mama analia.

Ndipo nikaipangusa plagi moja kwa kitambaa. Masizi makavu, hakuna oili hata chembe. Nikaangalia chujio la hewa; kumbe ndilo tu limeziba.

Nikawafuata ndani. "Nimekosea. Injini ni nzima."

Mama hakunitazama. Baba akasema taratibu, "Mwanangu, siku nyingine pangusa kwanza."

Bora angenitukana.