Limbuko la Mapichi Kumi na Moja

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana tangu tukuzike Chanzuru sina wa kuniitikia kwa ile sauti yako ya kuburuta.

Jana sokoni hapa Mikumi nimekuta mapichi. Madogo, yamebonyea kwa safari, na muuzaji anayasifu kama binti zake. Nilikula nimesimama, maji yakanichuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikakumbuka mti wako wa nyuma ya jiko, kule milimani juu ya Berega, na jambo ambalo mimi na wewe hatukuwahi kulizungumza.

Kokwa ulipewa na nesi wa hospitali ya misheni ulipolazwa kumzaa mdogo wangu. Ukaupa mti maji ya kuoshea vyombo, ukamwaga jivu shinani, ukawa unauongelesha Kikaguru kuliko ulivyotuongelesha sisi. Baba alikuwa akicheka, "Mke wangu ana mtoto mwingine." Mwaka wa tatu ukazaa, mapichi kumi na moja. Ulichana kanga yako kuukuu ukayafunga moja moja ndege wasiyadonoe, na wapita njia wakadhani umeanika nepi.

Limbuko, kwa kawaida ya kwetu, lilikuwa la bibi, mama yake baba. Mkubwa alimbue kwanza, ndipo wengine waonje. Lakini wewe na bibi mlikuwa hamsemeshani tangu aliposema mbele ya wageni kwamba ugali wako mbichi, na hakukanyaga tena kwetu. Baba alikusihi, "Mpelekee mama limbuko, yaishe."

Ukamjibu, "Ale ugali wangu kwanza."

Baba akahamishia kigoda chake nje.

Mimi nilikuwa darasa la tano, kichwa kimejaa Ujamaa. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba anayekula peke yake ni mnyonyaji, nami niliogopa kuitwa mtoto wa mnyonyaji kuliko nilivyoogopa fimbo yako. Jumamosi moja, wewe umekwenda mashineni kusaga, niliyachuma yote kumi na moja nikayapeleka shamba la kijiji, watu walikokuwa wakipalilia mahindi.

Nilitegemea makofi. Badala yake majembe yalisimama, maana kila mtu aliyajua mapichi yako. Na katikati ya wanawake alikuwa bibi, mkono kiunoni.

"Mama yako anajua?"

Nilipiga goti. "Shikamoo bibi. Mama amesema ulimbue wewe."

"Marahaba," akasema, akanitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze. Kisha akachukua moja, akalifuta kwa kanga, akauma. Yaliyobaki yakakatwa vipande, kila mtu akapata chake. Makofi sikupigiwa.

Jioni ulikuwa umesimama uani na fimbo, vitambaa vya kanga vimezagaa chini ya mti, mimi nimejibanza nyuma ya baba. Ndipo ikasikika hodi.

"Mwanangu," bibi akakuambia, "nimekula limbuko lako. Tamu sana. Nimekuja kushukuru."

Ungesema neno moja tu, mama, tungeumbuka wote wawili, yeye na mimi. Na haki ulikuwa nayo: miaka mitatu umeulea mti ule, na hukuonja hata kipande. Ulinitazama, ukaitazama fimbo, ukaiegemeza ukutani.

"Karibu ndani, mama. Nasonga ugali."

Akala. Akasema umeiva. Baba akakohoa ovyo ili asicheke.

Misimu iliyofuata, kabla hatujahamishiwa Chanzuru, mlikuwa mkikaa wawili mkekani mkila mapichi, mkitema kokwa na kunisema mimi huku nikisikia. Chanzuru ulipanda tena, lakini kwa joto lile mti ulitoa majani tu, nawe ukasema umenuna kwa kuhamishwa bila kuulizwa. Nilikupenda sana ulipokuwa ukiutetea mti ule kwa majirani.

Miaka yote hii nimejisifu moyoni kwamba mimi ndiye niliyewapatanisha. Nilijidanganya. Huu ni mwezi wa nane mke wa mwanangu hajakanyaga kwangu, kwa neno nililolisema mimi juu ya malezi yake, na kila nikitaka kumwita ulimi unakuwa mzito. Sasa najua ile "karibu" yako ilikugharimu nini. Mimi nilisema uongo kwa woga. Wewe uliufanya kuwa kweli, kwa hiari yako, fimbo umeiegemeza ukutani.

Anakaa mtaa wa pili tu kutoka hapa. Mapichi nimeyamaliza yote, sina limbuko la kubeba wala mtoto wa kumtanguliza. Nikishaikunja barua hii nakwenda mikono mitupu, nikapige hodi mwenyewe.

Pumzika, mama. Niombee afungue.

Mwanao wa kwanza